Bukavu: Tiketi ya kwenda Kanada, na bei ambayo simu haionyeshi

BUKAVU – Tangu vita ilipofika Kavumu Februari 2025, mkaaji wa Bukavu mwenye kutaka kuvuka bahari ya Atlantiki hapandi tena ndege kwao. Uwanja wa Goma ulikuwa umekwisha kufungwa mwezi wa kwanza mwaka huo. Njia iliyobaki kwa wengi ni kuvuka Ruzizi kwa miguu, kushika basi ngambo ya pili, kupita pori la Nyungwe mpaka Kigali. Kwa hiyo bei ya safari inahesabiwa toka Kigali.

Mama mmoja wa Kadutu, muuzaji wa sambaza, alijifunza hesabu hiyo mwaka huu. Binti yake anaishi Montréal na amejifungua mtoto wa kwanza. Viza ya Kanada ilitoka. Mama huyo hajapanda ndege maishani, hata ya kwenda Kinshasa. Mkononi alikuwa na dola 1500: zamu yake ya likelemba, pamoja na kidogo alichotuma binti. Katika likelemba hiyo wako wanawake kumi na wawili, na saba bado wanangoja. Hawezi kurudi kwao kuomba nyongeza.

Ajansi ya kwanza mjini ilimwambia dola 2300. Alirudi nyumbani bila kusema kitu. Kumbe walimtafutia tarehe za mwezi wa saba, wakati wa likizo, ambapo kila mtu wa Ulaya na Amerika anasafiri. Mwezi wa saba, wa nane na wa kumi na mbili ndiyo miezi ya bei kali. Hakuna aliyemuuliza kama anaweza kwenda mbele ya hapo, na yeye hakujua kama swali hilo linaulizwa.

Mtoto wa dada yake, mwanafunzi, akatafuta kwa simu usiku, saa ambazo intaneti inatembea. Akaleta habari: «Mama mukubwa, nimepata 1180!» Majirani wakapiga vigelegele.

Bei ilikuwa ya kweli, lakini zilikuwa tiketi mbili za kampuni mbili zisizojuana: moja Kigali–Bruxelles, ingine Bruxelles–Montréal, bila valizi. Hapo ndipo pasiporti yetu inapoingia katika bei. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iko katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanaombwa viza hata kwa kubadilisha ndege tu katika viwanja vya nchi za Schengen. Watu wengi wa Bukavu wanajua hilo, na wanaogopa Ulaya kabisa. Wasichojua ni kwamba mwenye viza halali ya Kanada au ya Marekani anasamehewa, mradi asitoke sehemu ya abiria wanaopita. Lakini kwa tiketi mbili mbalimbali, valizi inaishia Bruxelles. Ili kuichukua na kuiandikisha upya lazima kuingia Ubelgiji, na kwa hilo inaombwa viza ya Schengen yenyewe. Mama huyo angerudishwa Kigali mbele ya kupanda, na kampuni ya pili haimrudishii mtu pesa kwa sababu alichelewa na ndege ya wengine.

Binti ndiye aliyeona hatari hiyo, akapiga simu saa nane ya usiku. Yule kijana alinyamaza siku mbili kwa haya, ingawa kazi yake ndiyo iliyofungua njia. Alirudi kutafuta, sasa akiandika safari nzima kwa tiketi moja: Kigali, Addis Ababa, Toronto, Montréal. Ethiopian Airlines na Air Canada ziko katika muungano mmoja, Star Alliance, na zinaweza kuuza njia yote pamoja. Njia ya Istanbul nayo ilikuwepo, ghali zaidi wiki ile. Akabadilisha tarehe: toka siku ya posho kwenda siku ya pili, toka mwezi wa saba kwenda mwezi wa ine. Bei ikashuka hadi 1380, na valizi mbili za kilo 23 ndani. Kurudi wakaweka mwanzo wa mwezi wa kumi, maana kwa kawaida mgeni anapewa miezi sita Kanada.

Mbele ya kulipa, binti aliomba kitu kimoja kwa ajansi ya Kigali: namba ya tiketi. Karatasi ya kushika nafasi ina herufi na namba sita tu, na mtu anaweza kuipata bila kulipa franka hata moja. Tiketi yenyewe ina tarakimu 13, na za Ethiopian zinaanza na 071. Kijana mmoja wa Panzi aliuziwa karatasi ya nafasi kwa bei ya tiketi na akaambiwa ukweli akiwa tayari na valizi mbele ya mizani. Safari hii namba ilitoka siku ileile, na jina la mama likaonekana kwenye ukurasa wa kampuni.

Zimebaki dola 120 za basi, kulala Kigali na chakula cha njiani. Kinachomsumbua sasa ni Toronto, ambako atapita mbele ya watu wa uhamiaji. Kifaransa chake ni cha sokoni. Lakini Kifaransa ni lugha ya serikali Kanada, na ana haki ya kuulizwa kwa lugha hiyo. Binti amemwandikia karatasi yenye anwani, namba ya simu na sababu ya safari.

Jumamosi iliyopita walipima valizi kwa mizani ya sambaza. Ya kwanza ilionyesha kilo 26. Unga wa mihogo ukatolewa, nguo za mtoto zikabaki.