Dada na Siku Zake 180

Nani kakwambia walioko majuu wanahesabu pauni tu? Wengine wanahesabu siku, tena roho mkononi.

Dada yangu alimfuata mumewe Uingereza mwaka 2021. Shemeji ni nesi, yeye akaingia kwa viza ya mke wa mfanyakazi. Sharti walilopewa: kaa miaka 5, ndipo uombe ukaazi wa kudumu. Ila ndani ya miezi 12 yoyote usiwe nje ya nchi yao zaidi ya siku 180. Ukizidisha, ile miaka uliyokwisha kukaa inaweza kwenda na maji.

Sasa sikia balaa lenyewe. Hawahesabu Januari mpaka Desemba. Chagua siku yoyote, rudi nyuma miezi 12, jumlisha safari zote. Afadhali kidogo, siku ya kuondoka na siku ya kurudi haziingii.

Desemba 2023 alikuja hapa Mshangano kwenye harusi ya mdogo wetu, zikaenda siku 35. Juni 2024 Baba akapigwa na kiharusi. Dada akapanda ndege, halafu basi la Dar hadi Songea, akafika miguu imevimba. Hakupumzika. Kumwogesha Baba, kumlisha uji kwa kijiko, kumnyoosha mkono uliolala, kazi yote yake. Usiku anaishika kalenda ya ukutani, anatia duara. Alikuwa na siku 145 tu.

Majirani nao! Mmoja akasema pale bombani, "Huyu keshakuwa Mzungu. Baba yuko kitandani, yeye anahesabu siku kama mfungwa." Shangazi akaja kumsema waziwazi: "Mwanangu, baba ni mmoja. Karatasi utapata nyingine."

"Shangazi, nina watoto wawili kule," Dada akajibu taratibu. "Karatasi zao zimefungwa kwenye zangu na za baba yao."

Kweli upo msamaha, ndugu wa karibu akiugua ugonjwa wa kutishia maisha au akifa. Lakini ni mpaka uthibitishe, na anayeamua ni wao. Dada alitunza barua za daktari kwenye mkoba kama dhahabu, ila kuhesabu hakuacha.

Aliyemaliza ubishi ni Baba mwenyewe, mdomo umepinda, maneno yanatoka nusunusu: "Mwacheni. Baba yangu naye alikuwa na kipande."

Vijana wenzangu, enzi za mkoloni watu wengi wa Songea walikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba. Kila mmoja alipewa kadi ya siku 30 za kazi, ndiyo kipande. Siku usiyofanya kazi haitiwi alama, na mshahara unasubiri kadi ijae. Babu alipata habari ya kifo cha mama yake kadi haijajaa. Alipofika nyumbani, alioneshwa kaburi.

Shangazi akajifuta macho kwa khanga, akaenda jikoni.

Dada aliondoka Oktoba, zimekwisha siku 138, Baba ameanza kusimama kwa fimbo. Kalenda ikabaki ukutani na kalamu akaishika Baba. Anafuta siku za zamani zinazotoka kwenye ile miezi 12, maana kila inayotoka ni siku moja ya bintiye kuja nyumbani.

Mei 2025 serikali ya Uingereza ikatangaza mpango wa kuifanya ile miaka 5 iwe 10 kwa walio wengi. Dada alipiga simu, sauti imekauka. Nikamweleza Baba. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo kipande wamekiongeza?"

Jibu sikuwa nalo. Ila nawe msomaji, mgeni wako wa majuu akianza kuchungulia kalenda, usimwite Mzungu. Muulize kabakiza siku ngapi, halafu mpikie vizuri.