Matairi ya Theluji: Kutoka Difu hadi Tela

Dereva aliyelelewa na barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma huyajua matairi kwa joto. Lami ya Ruaha Mbuyuni saa nane mchana, mzigo wa shaba kutoka Zambia na mteremko wa Kitonga ndivyo vilivyotufundisha kazi. Tukienda kununua tairi tuliuliza kama litabeba uzito na kama litastahimili moto. Masika yakiingia, wenye safari za Tunduru, enzi zile kabla ya lami, walifunga matairi ya kashata nene, yaani yale mabonge ya mpira usoni mwa tairi, kwenye difu, ekseli inayosukuma lori, ili yang'ate tope lori litoke. Tairi zuri kwetu lilikuwa lile linalokutoa ulipokwama.

Nilihamia Colorado nikiwa na elimu hiyo. Leseni ya semi niliipatia Denver, na njia niliyopangiwa ikawa I-70, inayopanda Milima ya Rocky kuelekea magharibi. Inapenya handaki la Eisenhower, karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, inapanda tena Vail Pass, kisha inateremka hadi korongo la Glenwood. Huko juu theluji inaweza kuanguka Septemba na ikaanguka tena Mei. Ndiyo maana sheria ya jimbo inataka kila lori kubwa linalopita kati ya Dotsero na Morrison, kipande cha kilomita zaidi ya 200, libebe minyororo ya matairi kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, hata siku ambayo jua linawaka.

Semi la kawaida la Marekani lina matairi 18: mawili ya mbele yanayoongoza, manane ya difu yanayosukuma, na manane ya tela. Miaka yangu ya mwanzo macho yalikuwa kwenye yale manane ya difu. Nilitafuta kashata ndefu na mabega yaliyo wazi, yaani mifereji inayotokeza hadi ukingoni mwa tairi, kama tulivyotafuta kwa ajili ya tope. Kwenye theluji mpya, laini na nyingi, matairi ya namna hiyo kweli husukuma. Lakini theluji ya I-70 haikai laini kwa muda mrefu. Magari huishindilia ikawa sakafu ngumu, na baada ya kuyeyuka mchana na kuganda usiku, sakafu hiyo inageuka barafu.

Aliyenifundisha kulitazama tairi upya ni mzee mmoja wa Mombasa aliyekuwa ameizoea milima ile kabla sijaiona. Tulikuwa kwenye gereji ya matairi, yeye akisubiri kufungiwa yake. Aliinama kwenye tairi jipya la difu, akaikunja kashata moja kwa kidole gumba, na ndani yake ikafunguka mikato myembamba iliyokwenda kombokombo, ambayo nisingeiona kama asingeikunja.

"Mwanangu, kashata ni ya tope," aliniambia. "Theluji iliyoshindiliwa inashikwa na hii mikato. Na kule kwetu tulikuwa tukiogopa moto. Huku uogope baridi."

Nimeishi na somo hilo hadi leo. Tairi la tope linatakiwa litupe tope nje kila linapozunguka, la sivyo linageuka kuwa kipara. Tairi la theluji linafaidika likibakiza kidogo, kwa sababu theluji iliyojibana kwenye mifereji na mikato hushikana na theluji ya barabarani. Mpira nao una habari yake. Mchanganyiko wa kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Ule wa majira ya baridi umetengenezwa ubaki laini, na ulaini ndio unaoiruhusu mikato kufunguka na kushika. Tairi lenye sura kali lakini mpira mgumu huteleza mbele ya macho yako.

Nikaanza kusoma ubavu wa tairi. Herufi M+S, zinazosimamia tope na theluji, zilikuwepo miaka mingi, lakini zinaeleza umbo la mifereji tu, hazitokani na jaribio lolote la theluji. Mwaka 1999 Amerika Kaskazini ilianza kutumia alama nyingine: mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Ili kuipata, tairi lazima lijaribiwe kwenye theluji iliyoshindiliwa na lishike zaidi ya tairi la kulinganishia kwa kiwango kilichowekwa. Ilianza kuzoeleka kwenye magari madogo. Siku hizi matairi mengi ya difu ya malori yanayo, na hata ya mbele yapo.

Nilipofuatilia jaribio lenyewe nikagundua kwamba linapima tairi linavyovuta kwenda mbele. Halipimi kona, wala kusimama, wala barafu. Hapo ndipo swali langu lilipoanza kugeuka. Kwa miaka nilikuwa nikiuliza kama lori litaondoka, ilhali kwenye mteremko wa kutoka handakini, ukiwa na jumla ya tani 36, hilo si swali tena. Pale unahitaji kujua kama litakutii na kama litasimama.

Utii unaanza mbele. Matairi ya usukani kwa kawaida yana mistari mirefu iliyonyooka, kwa sababu yanatakiwa yaende sawa na yaishe taratibu. Yakiwa na mikato mingi na mpira wa baridi, unageuza usukani na kichwa kinaitika. Yakikosa, unageuza na kichwa kinaendelea kilikokuwa kikienda, hata kama difu inashika vizuri sana. Ujerumani sheria yenyewe ilipita njia hiyohiyo: kwanza ilitaka alama ya mlima kwenye matairi ya difu ya malori, na kuanzia tarehe 1 Julai 2020 ikaitaka na kwenye ekseli ya usukani.

Somo la tela lilinijia nikishuka Vail Pass na tela tupu. Kwenye kona, niliona kwenye kioo mkia wa tela ukitoka taratibu kuelekea njia ya pembeni yangu. Niliachia breki, nikashika usukani bila kuushtua, na tela likarudi mstarini. Nilipopata pa kuegesha nilishuka na kipimo cha kina. Matairi ya tela, ambalo lilikuwa la mteja, yalikuwa halali kabisa. Sheria ya shirikisho inadai kina cha sehemu 4 kati ya 32 za inchi kwa matairi ya mbele, kama milimita 3.2, na nusu ya hapo kwa mengine yote. Kina cha milimita 1.6 kinatosha kwenye karatasi za mkaguzi. Kwenye theluji, mfereji huo hauna mahali pa kubana kitu, na tela tupu halina hata uzito wa kuusaidia.

Tangu hapo siondoki na tela nisilolipima. Na nilipopata lori langu mwenyewe, nilijiwekea sharti kwamba tairi la difu lililofika 8 kati ya 32 halivuki Oktoba, hata kama kisheria lina maisha marefu mbele yake. Linafaa njia za Texas, halifai I-70.

Sharti hilo lina gharama na sitaki kuidogosha. Tangu mwaka 2004, mpango wa SmartWay wa serikali ya Marekani umezihimiza kampuni kuokoa mafuta, na matairi yanayookoa mafuta mara nyingi yana mabega yaliyofungwa na kashata fupi. Anayekimbia tambarare mwaka mzima anafanya hesabu sahihi akiyanunua. Mimi nimechagua mabega wazi, mikato mingi na alama ya mlima, na tofauti ya dizeli nailipa. Watu wa likizo, mabasi na familia zenye watoto hupita njia ileile usiku uleule, na wao hawakuulizwa nifunge matairi gani.

Upepo wa tairi nao una hila yake. Tairi lililojazwa psi 105 kwenye gereji yenye nyuzi 20 linaweza kupungua psi 15 hivi baridi ikifika 20 chini ya sifuri, bila pancha yoyote. Kwa hiyo napima asubuhi kabla ya kuanza safari, matairi yakiwa ya baridi. Ile desturi ya kupunguza upepo ili tairi litanuke kwenye tope haina nafasi kwenye lori lenye mzigo barabarani.

Na hakuna tairi linaloondoa minyororo. Taa za agizo la kufunga minyororo zikiwaka, naingia kwenye kituo cha kufungia, naitandaza chini nione kama haijapindana, nafunga matairi manne ya difu, nasogea kidogo, nashuka kukaza tena. Asiyefunga hulipa faini inayozidi dola 500, na akiziba barabara inazidi 1,000. Mwaka 2024 jimbo lilipanua sharti la kubeba minyororo hadi barabara nyingine za milimani, na mimi naliunga mkono.

Vijana wetu kutoka Arusha, Nairobi na Goma wanaoingia kazini sasa hunipigia Agosti, wakati maghala ya matairi bado yamejaa, kuniuliza wanunue ya difu ya aina gani. Nawajibu waanze na ya mbele, kisha wapime ya tela. Difu wataifikiria tu, kwa sababu ndiyo sote tuliyofundishwa kwanza.