Nyumba ya Nne Kutoka Msikitini

Ukitoka Dar es Salaam kwenda kusini, kitu cha kwanza kinachokupima subira ni foleni ya Mbagala. Ukishaipita Mkuranga, njia inafunguka: Kibiti, Ikwiriri, Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, halafu kile kipande cha Ndundu hadi Somanga ambacho wasafiri wa zamani wa Lindi na Mtwara wakikitaja bado hutikisa kichwa. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003, watu walikuwa wakingoja kivuko. Sisi tulivuka tukisinzia. Lami ilituaga Nangurukuru. Gari likashika njia ya Liwale, na kuanzia hapo mpaka jua linazama ikawa ni vumbi, Njinjo, vumbi tena, na dereva akitusimulia habari za tembo wanaoingia mashambani kana kwamba anasimulia majirani zake wakorofi.

Ilikuwa mwisho wa Oktoba 2022, na mimi ndiyo kwanza naingia kazi ya udadisi. Utafiti wetu ulikuwa na sehemu mbili: kipato cha kaya, na maoni ya wananchi kuhusu huduma na viongozi. Mafunzo tulishapewa. Soma swali kama lilivyoandikwa. Usimwongoze mhojiwa. Usishangae jibu, usicheke, usiseme “sawa kabisa” hata kama ni sawa kabisa. Mkufunzi alikipenda sana kisa cha jarida la Marekani, Literary Digest, ambalo mwaka 1936 lilituma kadi zipatazo milioni 10 kuuliza nani atashinda urais. Zikarudi zaidi ya milioni 2, zikasema Landon. Akashinda Roosevelt katika majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi jarida lilikuwa limeyaokota kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, wakati huo nchi iko kwenye mdororo na wengi hawana hata kimoja. Mkufunzi akimaliza kisa hicho hutukodolea macho: “Kwa hiyo tatizo ni wingi?” Tunajibu kwa pamoja kama watoto wa chekechea, hapana.

Darasani jambo hilo ni jepesi. Kijijini lina watu ndani yake.

Kijijini huingii hivi hivi. Kwanza ofisi ya halmashauri na barua ya kibali, kisha mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji, kitabu cha wageni, mhuri, na benchi la kusubiri mwenyekiti wa kitongoji atoke shamba. Ulikuwa msimu wa korosho, hakuna aliyekuwa na muda wa bure. Mwenyekiti alipofika, baada ya salamu aliuliza lile lililokuwa kwenye midomo ya kila mtu: “Si mlikuwa hapa Agosti? Tumehesabiwa, mnataka kutuhesabu tena?”

Msimamizi wetu akamweleza kwamba ile ilikuwa sensa na hii ni sampuli, kaya chache tu kwa niaba ya nyingi. Mwenyekiti hakuonekana kuridhika, na sikumlaumu. Huku kuhesabiwa kuna historia yake. Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898, na huwezi kutoza vibanda bila kuvihesabu. Boma la Liwale lilishambuliwa mwaka 1905, mwanzoni mwa Vita vya Majimaji. Hata baada ya uhuru, kodi ya maendeleo iliendelea kuwakimbiza wanaume porini mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Mtu mzima wa kule akimwona mgeni na daftari (siku hizi kishikwambi), ana haki ya kuuliza.

Aliyetuokoa ni mwenyekiti mwenyewe. Akasema, “Ahaa, mnachoma bambo.” Ghalani, kabla korosho hazijapangiwa daraja, mkaguzi huchoma bambo kwenye gunia na kutoa punje chache. Hachomi juu tu, kwa sababu wajanja huweka nzuri juu na mbovu katikati. Anachoma hili, anaruka lile, mwenye gunia hamchagulii. Mwenyekiti alilieleza hilo kwa wazee wawili waliokuwa pale vizuri kuliko kitabu chetu cha mafunzo, kisha akasimama kutuongoza.

Kanuni yetu ilikuwa hivi: chagua alama inayojulikana na kila mtu, jumlisha tarakimu za tarehe, hesabu nyumba. Tarehe 31, tatu na moja, nne. Alama ilikuwa msikiti. Kwa hiyo nyumba ya nne, na baada ya hapo kila ya kumi.

Nyumba ya kwanza alikuwapo bibi mmoja barazani, akatandika mkeka kabla sijamaliza “shikamoo”. Ya pili walinikaribisha madafu. Ya tatu alitoka mwalimu mstaafu, kavaa shati la kupigwa pasi, kashasikia kuna wageni wenye maswali, na majibu anayo tangu asubuhi. Nikawapita wote. Nilisimama, nikasalimia, nikaeleza, nikaomba radhi, lakini nikapita. Mwalimu alinisindikiza kwa macho mpaka nikaona haya. Adabu niliyolelewa nayo inasema anayekukaribisha ndiye unayekaa kwake. Sampuli inasema usimsikilize anayejitolea. Ukiwachukua wanaopenda kuongea utarudi mjini na maoni ya wanaopenda kuongea, na hao tayari wanasikika.

Nyumba ya nne ilikuwa ua wenye nyumba mbili. Mzee mmoja, wake wawili. Hapo ndipo nilipojua kwa nini siku nzima ya mafunzo ilikwenda kwenye neno kaya. Kaya ni watu wanaolala pamoja na kula chungu kimoja. Ua si kaya, na undugu si kaya. Nikauliza kuhusu vyungu. Mke mkubwa akanijibu bila kuficha: “Mwenzangu ana jiko lake, mimi nina langu. Unga tunaazimana, chungu hatuchangii.” Basi kaya mbili. Mzee huyo je, ni wa kaya ipi? Ya kule alikolala jana. Swali hilo nililiuliza nikitazama kishikwambi, na wake zake wakacheka kabla hajajibu. Alilala kwa mke mkubwa. Nikaanza na kaya hiyo.

Sehemu ya kipato ni ya mkuu wa kaya. Umri? “Andika sabini.” Umri unaoishia na sifuri au tano hutufanya tuwe na wasiwasi, kwa hiyo nikatoa kalenda ya matukio. Uhuru alikuwa mtoto anayechunga mbuzi. Operesheni Vijiji, 1974, walipohamishiwa hapa, alishaoa. Vita vya Kagera alishakuwa na watoto watatu. Tukakaribia sabini na tatu. Shamba ekari ngapi? Mzee akasema ana mikorosho mia moja na arobaini. Ekari, babu? Mikorosho mia moja na arobaini, mwanangu, ekari ni za mabwana shamba. Nikaandika miti, na kwa bahati waliotunga dodoso walishaweka nafasi ya miti.

Msimu uliopita aliuza wapi? “Chama cha msingi. Zote.” Mke mkubwa, aliyekuwa akipepeta, akaangalia pembeni. Kila mtu kule anaijua kangomba: mnunuzi anakuja njaa inapouma, anakupa fedha ya haraka, unamlipa korosho msimu ukifika, kwa kipimo chake na kwa bei yake. Imepigwa marufuku, ndiyo maana haitajwi. Sikuruhusiwa kudokeza. Swali lililofuata lilikuwa limetungwa na mtu aliyewahi kukaa kwenye mkeka wa namna ile: “Je, katika miezi 12 iliyopita kuna mazao ambayo kaya hii ililipia deni?” Mzee akanyamaza kidogo, akajibu, “Deni ni jambo jingine. Deni tulilipa, gunia mbili.” Nikaziandika. Ningeuliza kangomba ningepata sifuri.

Redio ya mke mkubwa ilikuwa imewashwa muda wote, na katikati ya maswali sauti ikapanda. Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa anatangaza matokeo ya sensa: Watanzania 61,741,120. Tukanyamaza wote. “Na mimi nimo humo?” mzee akauliza. Umo, babu. “Na huyu?” akimwonyesha mpwa wake, binti aliyekuwa jikoni anakuna nazi. Naye yumo. “Hiyo nzuri,” akasema. “Ile haibagui.”

Hakujua kinachokuja. Sehemu ya maoni humtaka mtu mmoja tu wa miaka 18 na kuendelea, na kishikwambi ndicho hupiga kura. Niliingiza majina ya watu wazima wa kaya: mzee, mke mkubwa, kijana wao wa kiume, mpwa. Nikabonyeza. Akatoka mpwa, miaka 19.

“Huyu?” mzee akasema. “Huyu anajua nini? Huyu ni wa jikoni.” Kijana wa kiume naye akajitolea kwa ukarimu kabisa amjibie dada yake. Nikaeleza kwamba kura ikishatoka haibadilishwi, na kwamba mahojiano ni ya watu wawili. Mzee hakuinuka. Mke mkubwa ndiye aliyemwambia, kwa sauti ya kawaida, kwamba korosho zilizoanikwa nyuma zinahitaji kugeuzwa. Akaenda, na kijana akamfuata.

Binti alijifuta mikono, akakaa. Maswali ya mwanzo yote akajibu “sijui”. Nilikuwa nimefundishwa kwamba “sijui” la kwanza mara nyingi ni hodi, ukingoja mlango hufunguliwa. Nikasoma tena polepole. Vipimo vyetu vya kukubali sana, kukubali, kutokubali, kutokubali kabisa, alivikataa kwa hoja: “Nikikubali nimekubali. Sana ya nini?” Kwenye maji alifunguka. Dodoso lilitaka dakika. Yeye alinipa safari: anatoka adhana ya alfajiri inaposikika, anakuta foleni ya ndoo kisimani, anarudi jua limeshapanda juu ya mwembe wa shule. Tukapiga hesabu pamoja tukapata saa moja na nusu. Mzee alikuwa ameshaniambia mapema, kwa nia njema kabisa, kwamba maji hapo si tatizo.

Kuhusu mkutano wa kijiji alisema hajawahi kusema neno. Anahudhuria? Anahudhuria. Anapika chai ya wajumbe. Nikatafuta namba ya jibu hilo, haikuwapo, nikaliandika kwa maneno kwenye nafasi ya maelezo.

Siku mbili baadaye msimamizi alirudi kwenye ua ule kunihakiki, kama kanuni inavyotaka, maana wako wadadisi wanaojaza madodoso chini ya mwembe na kurudi kulala gesti. Alimkuta mzee barazani, akamuuliza kama kweli alikuja mdadisi, na kama aliwahoji watu kwa utaratibu.

“Alikuja binti mmoja,” mzee akasema. “Mimi akanimaliza kwa mikorosho. Ilipofika kwenye habari za serikali akaniambia nipishe, akamchukua mpishi.”

Msimamizi akaweka tiki, akauliza nyumba ya kumi kutoka pale ni ipi.