Nilikwenda London Kumchukua Mjukuu

Akina mama wenzangu, bibi kumlea mjukuu si jambo geni kwetu. Mabinti zetu huajiriwa mbali, kazi zao hazina nafasi, na mtoto akishaacha ziwa hupandishwa basi kwenda kwa bibi. Wengi wetu tulilelewa hivyo, tukashiba na tukasoma. Kwa hiyo binti yangu aliponiomba niende London kumchukua mwanawe wa miezi kumi, sikushangaa. Alinitumia tiketi ya wiki nne, nikasafiri Oktoba 2024. Napenda niwasimulie wiki yangu ya kwanza katika jiji lile, kwa sababu ndani ya siku hizo chache shauri letu lilipimwa upya.

Niwaeleze kwanza sababu zao. Binti yangu hufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mumewe hufanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Kituo cha kulelea watoto mchana hudai fedha nyingi, na vibali vyao vya kuishi haviwapi msaada wa serikali kwa ajili hiyo. Wakishatoa ada, kodi ya nyumba na nauli, hakibaki kitu cha kupeleka Kibaha, ambako wamejenga msingi wa nyumba yao. Wakaona mtoto akae kwa bibi miaka mitatu, wao wamalize nyumba. Hawakuwa wazazi wasio na upendo. Walikuwa wamepiga hesabu, na hesabu ilikuwa sahihi.

Nilifika Jumapili usiku. Katika chumba nilichopewa, nyuma ya mlango, palikuwa na begi la mtoto limeshafungashwa. Juu ya nguo zake palikuwa na kanga ya mama yake. Nilipoichukua ili niifue, binti yangu alinizuia. "Usiifue, Mama. Iache na harufu yangu. Ataijua akilala kwako." Nikaikunja, nikairudisha mahali pake.

Asubuhi mkwe wangu alirudi kutoka kazini akitaka kulala, na nyumba yao ni ndogo, yenye kuta nyembamba. Basi kazi yangu ikawa kumtoa mtoto nje mpaka saa nane mchana. Hivyo ndivyo nilivyoijua London: nikisukuma kigari cha mtoto chini ya mvua.

Mvua ya London ina sifa kubwa kuliko kiasi chake. Kwa mwaka jiji lile hupata milimita 600 hivi, na Dar es Salaam yetu hupata karibu mara mbili ya hizo. Lakini yetu hushuka kwa kishindo, ikaisha, jua likatoka. Yao hunyunya kidogo kidogo, leo na kesho, kwa siku zaidi ya 100 katika mwaka. Ukingoja ianuke hutatoka nyumbani. Wenyeji hawangoji. Hufunika kigari kwa plastiki nyeupe inayoonyesha, mtoto akatazama watu kama aliye dirishani, nao wakaendelea na safari zao.

Jumanne nilijaribu treni ya chini ya ardhi. Ilianza mwaka 1863, nayo ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo duniani. Ni ya haraka, ila vituo vingi vina ngazi tupu bila lifti. Nikiwa nimesimama chini ya ngazi nikijiuliza, kijana mmoja alishika kigari upande wa mbele bila kuombwa. Tulipanda naye hadi juu, akaondoka kabla sijamaliza kumshukuru. Tangu siku hiyo nilipanda mabasi yale mekundu ya ghorofa, maana chini yana nafasi ya kigari. Usijisumbue kubeba sarafu. Tangu mwaka 2014 mabasi hayo hayapokei fedha mkononi. Unagusisha kadi, unapita.

Jumatano basi lilitufikisha kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, karibu na mto Thames. Kanisa la zamani mahali pale liliteketea katika moto mkubwa wa mwaka 1666. Hili la sasa lilibuniwa na Christopher Wren, na ujenzi wake ulichukua miaka 35. Nilisimama chini ya mwavuli nikitazama kuba lake, nikaukumbuka ule msingi wa Kibaha. Kumbe jengo linaweza kungoja, likasimama tu.

Siku ya Alhamisi ndiyo sitaisahau. Binti yangu alikuwa ameniambia kuna uwanja wa watoto unaoitwa Coram's Fields. Langoni pana amri ya ajabu: mtu mzima haruhusiwi kuingia asipokuwa na mtoto. Nilicheka peke yangu. Katika jiji lenye milango mingi iliyofungwa, hapa mjukuu wangu ndiye aliyekuwa hati yangu ya kuingilia!

Jirani na uwanja huo pana jumba la makumbusho, Foundling Museum. Mvua ilipozidi tuliingia humo, na ndipo nikaijua habari ya mahali pale. Zamani nahodha mmoja, Thomas Coram, alikuwa akiona watoto wachanga waliotupwa njiani wakifa. Yeye na mkewe Eunice hawakujaliwa mtoto. Kwa miaka 17 alibisha hodi kwa wakubwa, mpaka mwaka 1739 mfalme akatoa idhini ya kujenga makao ya watoto hao. Akina mama maskini wakaleta watoto wao, wengi mno kuliko nafasi. Ikabidi mama aingize mkono mfukoni na kutoa gololi. Akitoa nyeupe, mtoto wake anapokewa, akipimwa kuwa hana ugonjwa. Akitoa nyeusi, anarudi naye.

Mtoto aliyepokewa alibatizwa jina jipya. Kwa hiyo mama aliacha alama, ili siku akirudi aweze kumtambulisha mwanawe: sarafu iliyochorwa, kifungo, kipande cha kitambaa. Baadhi ya alama hizo zimo kabatini hadi leo. Mojawapo ni ganda la kokwa. Nadhani mama huyo hakuwa na kitu kingine. Watoto wenyewe hawakupewa alama hizo; zilitunzwa pamoja na karatasi zao. Kati ya mwaka 1741 na 1760 walipokewa watoto zaidi ya 16,000. Waliorudiwa na kuchukuliwa na wazazi wao walikuwa 152 tu.

Nilikaa kwenye benchi, mjukuu amelala kifuani. Niliiwaza ile kanga iliyo begini.

Jioni nilimsimulia binti yangu niliyoyaona, kama mtu anavyosimulia matembezi yake. Sikuongeza neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamchukua mtoto akaenda kumwogesha, naye alikuwa ameshaogeshwa.

Jumapili tulikwenda wote kusali Westminster Abbey. Mgeni wa kutazama hulipa kiingilio, lakini anayekwenda ibadani halipi. Ndani ya kanisa hilo lipo kaburi la David Livingstone. Alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, Chuma na Susi pamoja na wenzao, waliuzika moyo wake kule kule chini ya mti, kisha wakaubeba mwili kwa miguu miezi kadhaa hadi Bagamoyo. Akazikwa London mwaka 1874. Nilimweleza binti yangu habari hiyo tulipokuwa tukitoka. Alisimama. "Mwili huku, moyo Afrika," alisema. "Mama, ndivyo nitakavyokuwa mimi."

Usiku ule tulikaa wote watatu. Niliwaambia, "Wanangu, mimi niko tayari. Mkisema nimchukue, nitamchukua na nitamlea kama nilivyowalea ninyi. Lakini semeni wenyewe, msiseme kwa ajili ya tiketi." Mkwe wangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, nyumba itangoja. Msingi hauozi." Wakachukua karatasi wakapiga hesabu upya. Binti angehamia zamu za mwisho wa wiki, mume abaki na zamu za usiku siku nne tu, ili kila saa mmoja awepo. Mapato yangepungua sana. Tuliomba, tukalala.

Sisemi kwamba kila mama anayempeleka mtoto kwa bibi afanye kama wao. Hana alimpeleka Samweli hekaluni akiwa mdogo, na ni mama wa imani. Ila tukumbuke kwamba kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea mwenyewe. Hakumwachia mwanawe alama tu. Dada unayepanga jambo hili leo, kaeni na mumeo mjiulize: Je, ni shida inayotusukuma, au ni nyumba? Tutamwona mtoto mara ngapi kwa mwaka, na nauli iko wapi? Na tarehe ya kumrudisha ni ipi? Kama majibu yapo, mpelekeeni bibi kwa amani. Kama hayapo, ongeeni tena kabla ya kukata tiketi.

Novemba nilirudi peke yangu. Siku hizi nikipita Kibaha nang'oa majani yaliyoota kwenye ule msingi. Ile kanga ilibaki London, nami niliifua kabla ya kuondoka.