Ndeke Inabeba Nini?

Ndege ya kuongozwa kwa redio si mchezo wa watoto ikiwa injini yake inatumia petroli. Ile tuliyoiunganisha Nakivale ilikuwa na mabawa yenye urefu wa zaidi ya mita 2 kutoka ncha hadi ncha. Mwenyewe ni kijana Mkongomani, jirani yetu, aliyeletewa vipande vyake na mjomba wake anayeishi Marekani. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza. Kijana huyo alisoma kwa Kifaransa, na mwenzake, fundi wa pikipiki, ni Mrundi. Mimi nimekulia Nakivale na sasa nasoma Kiswahili Mbarara. Basi kila niliporudi nyumbani mwisho wa wiki, kazi yangu ilikuwa kusoma na kueleza.

Ilitubidi kwanza tupatane kwa maneno. Nikisema ndege, mwenye ndege anasema ndeke. Nikisema petroli, yeye anasema esansi. Neno rafadha nililolitoa kamusini halikumwingia mtu. Tukaiita panga, kwa sababu inakata kweli. Anayezungusha panga kwa mkono na anayeshika swichi lazima waelewane kwa neno moja, la sivyo vidole vitakwenda.

Injini yenyewe ni ya mapigo mawili, kama ya msumeno wa mashine. Haina mahali pa kuwekea oili, kwa hiyo oili huchanganywa ndani ya petroli: kwa injini yetu, sehemu 1 kwa sehemu 32. Oili hiyo niliinunua Mbarara. Kwa kuwa injini hutetemesha mwili mzima wa ndege, parafujo zake tulizipaka gundi maalumu zisilegee. Kisha fundi aliinua ndege kwa ncha za vidole chini ya mabawa, ajue uzito umekaa wapi. Mkia ulishuka. Tukasogeza betri mbele mpaka ikatulia, maana ndege yenye mkia mzito haishikiki hewani.

Ikabaki kuwasha injini. Hapo mwenye ndege akakataa.

"Kaka, hawa mama watakimbia," aliniambia.

Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwaka 1958. Leo wamo Wakongomani, Wasomali, Warundi, Wanyarwanda na wengineo. Kwa baadhi ya majirani zetu, mlio wa ndege juu ya paa ndio ulioanzisha safari iliyowafikisha hapa. Fundi aliona tunachelewa bure: pikipiki hupiga kelele kutwa na hakuna anayekimbia. Mwenye ndege akamjibu kwamba pikipiki haina mabawa.

Nikatumwa mimi, mwenye maneno. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikianza na mama mmoja mzee aliyetoka Kivu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo ndeke yenu inabeba nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kueleza kabureta, redio na usalama. Swali lake lilihitaji jibu fupi. "Haibebi kitu, mama. Hata mtu haibebi."

"Basi, mutuambie mbele ya kuiwasha."

Tulichagua Jumamosi saa nne asubuhi, tukawajulisha wote. Tulifunga mkia kwa kamba kwenye mti na kuwaweka watoto mbali. Injini ilipowaka, yule mama alisimama mlangoni pake, kitenge amekiziba mdomoni. Hakuingia ndani. Ilipozimwa, alikuja taratibu akauliza ni nani aliyeinyamazisha. Fundi akamwonyesha swichi kwenye rimoti. Akaomba iwashwe tena, na safari hii aizime yeye mwenyewe. Aliibonyeza swichi, mlio ukakatika. Akaturudishia rimoti bila neno.

Ndege hiyo haijaruka bado. Nchini Uganda, kurusha ndege isiyo na rubani kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na sisi tunataka kufuata njia hiyo. Wakati tunasubiri, naendelea kuandika maelekezo yake kwa Kiswahili, pamoja na ndeke, esansi na panga. Hatua moja nimeiongeza mwenyewe, kwani kitabu cha Kiingereza hakina. Nimeiweka kabla ya kutia petroli: waambie majirani, na usubiri wakujibu.