Kutoka Lubumbashi hadi Likasi na mfuko wa viraka



Wengi wenu munaujua ule mfuko wa mistari ya buluu na nyekundu unaokaa chini ya kitanda changu, maana mulinicheka kwa ajili yake siku ya likelemba. Ndani yake mna kifuniko cha viraka nilichokianza wakati mtoto wangu wa pili alikuwa tumboni. Leo mtoto yuko kalasi ya kwanza. Kifuniko hakijaisha.

Ingekuwa ni mimi peke yangu, ningenyamaza. Lakini munakumbuka mwaka jana tulitoa pesa ya sanduku, tukanunua uzi na sindano, tukaanza vifuniko wamama wanane. Mtindo niliuchagua mimi. Niliuchora ubaoni kwa chaki, nyota za pembetatu zinazogusana, kila mtu akasema ni mzuri. Waliomaliza ni wawili, na hao walikuwa wanashona tangu zamani. Mama mmoja kijana, ambaye mbele ya hapo hajawahi kushona kitu kupita vifungo vya mashati, aliacha kuja hata kwenye mikutano. Nilifikiri ni uvivu. Sasa ana mtoto mchanga, na sisi wa Lubumbashi tunajua usiku wa Juni na Julai unavyouma.

Basi likizo ya Pasaka nilibeba mfuko wangu nikapanda basi kwenda Likasi kwa mama mdogo.

Ni kilometa karibu 120. Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho, majani marefu pande zote mbili, na vichuguu vyetu vile vikubwa kama nyumba vikichungulia juu ya majani. Magunia ya makala yamepangwa kando ya barabara, kila moja na kofia yake ya majani. Nyuma na mbele yetu malori ya shaba, na yale ya asidi ambayo dereva akiyafikia anapunguza mwendo na abiria wote wananyamaza. Mama aliyeketi karibu nami aliuliza nimebeba nini. Nikamtolea nyota moja iliyokamilika. Akaigeuza, akaisifu sana, kisha akauliza, "Na zingine?" Nikamwambia ziko mbili. Akanirudishia taratibu, kama vile mtu anavyorudisha picha ya marehemu.

Likasi kwangu ni mji wa kupanda na kushuka. Wazee wengine bado wanauita Jadotville, ingawa jina hilo liliondolewa mwaka 1966. Una barabara pana za zamani na miti, na vilima vinavyofanya uone paa za watu wengine kutoka mlangoni pako. Mama mdogo anakaa upande wa Panda. Alijifunza kushona akiwa msichana katika foyer, zile nyumba za mafunzo ambamo wake na binti za wafanyakazi wa migodi walifundishwa kushona, kupika na kutunza watoto. Baba mdogo alipoacha kazi, ni mashini yake ya kukanyaga iliyolipa minerval ya shule.

Tulikula bukari na sombe kwanza. Ndipo akasema, "Leta hiyo maiti."

Alimwaga vyote mkekani. Nilitegemea atasema juu ya rangi. Hakusema. Alianza kuhesabu. Kifuniko cha mtoto cha sentimeta 100 kwa 140, kwa miraba ya sentimeta 10, ni miraba 140. Kila mraba nimeugawa pembetatu mbili, basi ni vipande 280. Na vipande 280 kuviunga ni mishono 279. Mimi ndiye mwalimu wa hesabu, wamama, na hesabu hiyo sikuwahi kuifanya. Mishono mifupi peke yake, ukishona kwa mkono minne kila jioni watoto wakisha kulala, na umeme ukiwepo, inakula jioni zaidi ya 60. Halafu mirefu ya kuunga mistari, mmoja kila jioni, ni 13. Karibu jioni 80, na mgeni hajaja, na mtoto hajapata homa.

Kisha akaushika ule upande mrefu wa pembetatu yangu moja, akauvuta kidogo. Ukarefuka kama mkate mbichi. Kitambaa kikikatwa kufuata nyuzi zake hakivutiki sana, lakini kikikatwa mshazari kinavutika, na ndiyo sababu nyota zangu zilikuwa na tumbo katikati. Nilikuwa nimejilaumu miaka yote kwamba mkono wangu ni mbaya.

"Na yule mtoto wako aliyekimbia," akasema, maana nilikuwa nimemweleza, "naye alifikiri ni mkono wake."

Sikulala vizuri usiku ule.

Asubuhi tulienda sokoni kwa mafundi wa nguo. Mama mdogo ana fundi wake ambaye humwekea mabaki katika gunia, na yeye humletea karanga. Hapo nilijifunza jambo ambalo ubao wangu haukunifundisha. Tulipomwaga gunia, vipande vingi vilikuwa virefu na vyembamba, yale mabaki ya pembeni ukikata jupe au mikono ya libaya. Vipana vilikuwa vichache. Mimi nilikuwa nachora mtindo kwanza, halafu natafuta vitambaa vya kuujaza. Yeye anaangalia gunia kwanza. Likiwa na vipana, anafanya miraba mikubwa. Likiwa na vyembamba, anafanya mistari, au ule mtindo wa kuzungusha, yaani mraba mdogo katikati, halafu ukanda huku, ukanda kule, unazunguka mpaka kipande kimefikia ukubwa unaotaka.

Mtindo huu wa kuzungusha ndio nilioupenda kuliko yote, na sababu si uzuri. Ni kwamba kila kipande kikiisha, kimeisha. Ukichoka baada ya vinne, una mto wa kiti. Ukifika kumi na viwili, mtoto ana kifuniko. Nyota yangu ilikuwa haina mahali pa kusimama ila mwisho.

Kila kitambaa alikijaribu kwa kukichana. Pamba inachanika moja kwa moja kufuata uzi wake, hata makasi hayahitajiki. Kisichochanika vizuri tulikichomea uzi mmoja: ukiwa majivu ni pamba, ukijikunja kuwa kitone kigumu ni nailoni au mwenziwe, nacho kinarudi guniani. Kwa mtu mpya usimchanganyie hivyo viwili, kimoja kitajikunja kwenye pasi na kingine hakitajikunja.

Juu ya miraba mikubwa niliuliza kama haitaonekana ya kitoto. Alinionyesha kikwembe chenye ndege wakubwa. Kikate sentimeta 10, ndege anakuwa bawa tu, hakuna anayejua ni nini. Kikate 22, sentimeta moja ya mshono kila upande, ndege anabaki ndege. Vikwembe vyetu vina michoro mikubwa. Tusivikatekate kama nyanya za mchuzi. Na kwa kipimo hicho kifuniko kilekile cha 100 kwa 140 ni miraba 35, mitano kwa saba. Mishono mifupi 28, mirefu sita. Jioni 13.

Sehemu inayoua wengi ni ya mwisho, kuunga juu na chini. Yeye hashoni mistari juu yake yote. Chini anatandika kikwembe kizima, katikati blanketi kuukuu, juu viraka. Penye kona nne za miraba kukutana anapitisha uzi mara mbili na kufunga fundo. Ni mafundo 24. Kisha kile kikwembe cha chini kinachozidi pembeni anakikunja kuja juu, anakishona, hilo ndilo pindo. Hakuna pindo la kukata mbali.

Nilimwambia niliwahi kusoma habari za Wasiddi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika, ambao wanawake wao huanza kifuniko pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, wakishona viraka na kitambaa cha chini kwa pamoja, hivi kwamba wakifika katikati hakuna kazi iliyobaki. Mama mdogo alifikiri kidogo akasema, "Hao wana akili." Anataka kujaribu.

Tulibishana jambo moja tu. Yeye anasema pembetatu zitupwe kabisa. Mimi nasema zingoje kifuniko cha pili, maana mtu aliyemaliza kimoja ana haki ya kupendezwa.

Niliporudi sikungoja mkutano. Nilienda kwa yule mama kijana na miraba 35 iliyokatwa tayari, imefungwa kwa uzi, pamoja na kile kikwembe cha ndege. Nilimwambia kwamba mtindo wa mwaka jana haukuwa wa kumpa mtu mpya, na kwamba kosa lilikuwa la mwalimu. Alicheka kwanza, halafu hakucheka. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala. Akaihesabu miraba mara mbili akaniuliza kama mfupi ni lazima ushonwe kabla ya mrefu.

Hadi Jumapili iliyopita alikuwa na mistari minne kati ya saba. Jumamosi atakuja nayo. Kila mmoja alete makasi, mabaki aliyo nayo bila kuyachagua, na katoni ngumu ya kukatia kipimo cha sentimeta 22. Mfuko wangu wa mistari nitaleta pia. Zile nyota tatu mama mdogo ameniambia nizishone kuwa mito.