Usiku Nilipotubu Dhambi Ambayo Sikuitenda

Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza nilisimama mbele ya watu wapatao arobaini, nikatubu dhambi ambayo sikuitenda.

Ilikuwa Ijumaa, kwenye mkesha wa kikundi chetu cha maombi. Kwa miezi minne nilikuwa nikiomba bila kusikia chochote. Kabla ya hapo, nikipiga magoti tu machozi yalikuja yenyewe, na niliinuka nikiwa mwepesi. Kisha, pasipo sababu niliyoijua, ikawa kama umeme umekatika. Nilifunga. Nilikesha. Nilihamisha saa yangu ya maombi kutoka usiku hadi alfajiri. Hakuna kilichobadilika.

Nilimwendea mlezi wa kikundi. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Dada, Mungu habadiliki. Ukiona kimya, ujue kuna kitu umeficha. Kitafute."

Nikakitafuta. Nilimpigia simu dada yangu kumwomba msamaha kwa ugomvi wa gauni tuliougombana nikiwa darasa la sita, alidhani naumwa. Nilirudisha kitabu cha maktaba nilichokuwa nimekichelewesha, nikalipa faini. Kimya kikabaki palepale. Ndipo, usiku ule wa mkesha, nikashika kipaza sauti na kusema kwamba nilikuwa na chuki moyoni dhidi ya mama yangu mdogo, yule aliyekuwa akinilipia ada.

Sijawahi kumchukia mama mdogo. Ila nilihitaji dhambi yenye ukubwa wa kulingana na kimya kile, na hiyo ndiyo iliyonijia mdomoni. Watu walilia, wakanikumbatia, wakaimba. Nilirudi bwenini nikiwa na dhambi moja ya kweli, ambayo sikuwa nayo jioni: uongo.

Sisemi haya ili kuwacheka walokole. Mimi ni mtoto wao. Bibi yangu ni Mlutheri wa Bukoba, na wokovu wake ni matunda ya ule Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, ukapita Uganda na kufika Kagera katika miaka ya 1930. Uamsho ule ulifundisha watu kutembea nuruni: kusema dhambi yako waziwazi, kumrudishia mtu ulichomwibia, kupatana na jirani kabla jua halijazama. Kwa watu wengi ulikuwa uhuru mkubwa. Bibi husema kwamba kabla ya kuokoka alimwogopa kila mtu, na baada ya hapo hakuwa tena na siri ya kuogopea. Silidharau hilo hata kidogo. Lakini kufikia kizazi changu, kilichokuwa njia ya uhuru kilikuwa kimegeuka kipimo. Aliyelia alikuwa karibu na Mungu. Aliyekaa kimya alikuwa na kesi.

Wamistiki nilikutana nao darasani, wala sikuwa nimewatafuta. Katika shahada yangu ya uzamili ya fasihi kuna kozi ya tawasifu, na mhadhiri alitupangia maisha ya Teresa wa Avila, yaliyoandikwa na yeye mwenyewe. Nilijua kwamba ni mtakatifu wa Wakatoliki, Mhispania, aliyezaliwa mwaka 1515. Nilitarajia maono na malaika. Hayo yapo. Lakini kabla ya hayo nilikuta ukurasa ambapo mtawa huyu anakiri kwamba, kwa miaka, sala ilimchosha kiasi kwamba alitega zaidi sikio asikie saa ikigonga, muda uishe, kuliko alivyokaa na Mungu. Nilicheka kwa sauti maktabani, kisha nikajikuta nalia. Hakuna mtu kanisani kwetu aliyewahi kunipa ushuhuda wa namna hiyo. Shuhuda zetu zote husimuliwa baada ya ushindi.

Kutoka kwa Teresa nilikwenda kwa rafiki yake, Yohane wa Msalaba. Huyu alifungwa na watawa wa shirika lake mwenyewe huko Toledo kuanzia Desemba 1577, kwa sababu ya kushiriki matengenezo ambayo Teresa aliyaanzisha, akatoroka Agosti mwaka uliofuata. Katika chumba kile kidogo alianza kutunga mashairi yake makubwa. Baadaye aliandika ufafanuzi juu ya usiku wa giza wa roho, na mwanzoni mwa kitabu hicho anafanya jambo ambalo mhubiri yeyote wa kwetu angelifurahia: anachukua dhambi zile saba kuu na kuzionyesha zikiwa zimevaa nguo za ibada. Kuna kiburi cha kiroho, cha mtu anayependa kuonekana akisali. Kuna uchoyo wa kiroho, wa mtu asiyeshiba vitabu na mashauri. Na kuna ulafi wa kiroho, wa mtu anayemtafuta Mungu kwa ajili ya utamu anaousikia, na utamu ukikoma, analalamika kwamba hakuna sala iliyofanyika.

Hapo nilifunga kitabu. Kwa miezi minne nilikuwa nimejichunguza, nikapekua hadi gauni la darasa la sita, na sikuwa nimewahi kuyapekua yale machozi yenyewe. Sikuwa nimejiuliza kama nilimpenda Mungu au nilipenda kulia.

Yohane hasemi kwamba kila ukame unatoka kwa Mungu. Anajua kuwa mtu anaweza kukauka kwa sababu ya dhambi, uvuguvugu, au hata ugonjwa wa huzuni. Kwa hiyo anatoa alama tatu za kutofautisha. Ya kwanza, mtu haoni ladha katika mambo ya Mungu, lakini pia haoni ladha katika kitu kingine chochote. Ya pili, anaumia, akidhani hamtumikii Mungu ipasavyo. Ya tatu, hawezi tena kutafakari kama alivyozoea, hata akijitahidi. Mlezi wetu alikuwa na swali moja, na swali lenyewe lilikuwa halali. Tatizo ni kwamba hakuwa na la pili.

Nilipomsimulia rafiki yangu wa kikundi kile, aliniuliza moja kwa moja, "Sasa unakuwa Mkatoliki?" Nilimweleza kwamba Martin Luther mwenyewe alimpenda mhubiri Johannes Tauler, na kwamba mwaka 1516, mwaka mmoja kabla ya hoja zake 95, alichapisha sehemu ya kitabu cha kimistiki cha Kijerumani ambacho mwandishi wake hajulikani, mwaka 1518 akakichapisha chote. Hakuridhika, na wasiwasi wake una msingi. Mimi pia nina yangu. Teresa anaichora roho kama ngome yenye makao saba, na Mprotestanti akisikia makao saba anaona ngazi, akiona ngazi anaona watu wakipanda mbinguni kwa nguvu zao.

Lakini nikisoma taratibu, naona kinyume. Katika usiku wa Yohane, mtu hapandi popote. Anafanyiwa kazi. Mungu ndiye anayetenda, na binadamu anachoweza ni kukubali na kutokimbia. Hilo liko karibu na neema tunayoihubiri kuliko mikesha yetu mingine. Sisi tulikataa kuokolewa kwa matendo, kisha tukaanza kupimana kwa hisia. Nguvu nilizotumia kujikamua chozi zilikuwa matendo, hata kama sikuyaita hivyo.

Wa tatu ni mpishi. Nicolas Herman alikuwa askari wa Lorraine aliyejeruhiwa vitani, akaingia kwa Wakarmeli Peku wa Paris mwaka 1640 na kuitwa Ndugu Lawrence. Hakuwa padre wala msomi. Kwa miaka mingi alipangiwa jikoni, kazi ambayo kwa asili hakuipenda, na baadaye kushona viatu vya wenzake. Alijizoeza kuzungumza na Mungu katikati ya masufuria, mpaka saa ya kazi na saa ya sala zikawa hazitofautiani kwake. Mafundisho yake machache yalikusanywa baada ya kufa kwake mwaka 1691, na John Wesley, baba wa Wamethodisti, aliyaweka katika mkusanyiko wa vitabu aliowaandalia wahubiri wake.

Nikimsoma, namwona bibi akiwa amekaa kwenye mkeka, kisu mkononi, akimenya ndizi za mchana. Midomo yake hucheza. Tulipokuwa wadogo tulidhani anahesabu ndizi. Siku moja nilimuuliza, akanijibu, "Naongea na mwenyewe." Nilidhani anaongea peke yake. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alimaanisha Mwenyewe.

Kwa hiyo pengine nilivuka hadi Hispania na Ufaransa kutafuta kilichokuwa jikoni kwetu. Ila bila Wahispania nisingekitambua.

Kulikuwa bado na deni. Teresa anasisitiza kwamba hatuwezi kuwa na hakika kama tunampenda Mungu, ila tunaweza kujua kama tunampenda jirani. Na anawaonya watawa wanaoogopa kusogea wasije wakapoteza ibada, huku mgonjwa akiwahitaji. Mwezi Machi nilikwenda kwa mama mdogo. Nilimkuta anapanga vitenge dukani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nilimwambia yote, nimesimama vilevile, mkoba begani. Aliendelea kukunja kitenge. Kisha akasema, "Nilisikia. Mmoja wa wenzako anasali kwetu. Alinieleza Jumapili ile ile."

Miaka minne. Katika miaka hiyo alikuwa amemaliza kulipa ada ya shahada ya kwanza, akanisaidia kodi ya chumba, na kila Krismasi alinishonea nguo.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilijua si kweli," alisema. "Na kama ingekuwa kweli, ungeacha kusoma?"

Sikuwa na jibu. Aliniletea chai na chapati mbili, tukala nyuma ya kaunta, mteja akaja, akaenda kumhudumia.

Kila asubuhi siku hizi nakaa dakika ishirini kabla ya kufungua simu. Mara nyingi hakuna ninachosikia. Wakati mwingine natega sikio nisikie kengele, kama Teresa. Sijikamui tena, na sitafuti wa kumsingizia. Kengele ikilia nainuka, naosha vyombo vya jana, nakwenda darasani.